Nani Kaleta Batobato Muscat? Wadudu, Virusi na Kinga ya Mimea

Mhadhara kwa wasikilizaji wa Kiswahili, Bustan, Muscat



 Nimeombwa nizungumze juu ya wadudu wanaosambaza virusi vya mimea, na namna mimea inavyojikinga. Mara nyingi mada hii hutolewa mifano ya viazi vya Ulaya au pamba ya Pakistan. Leo sitakwenda mbali hivyo. Nitazungumza juu ya muhogo, tena muhogo uliopandwa hapa hapa Muscat. Nchi za Bara Arabu zinazopanda muhogo wa kula ni chache mno, na Oman ni mojawapo. Sina haja ya kukuelezeni ni watu gani waliouleta, maana wengine wamo humu ukumbini.

Mwaka 2013 lilichapishwa katika jarida la Virus Genes andiko la watafiti wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos na wenzao wa nje, A. J. Khan akiwa wa kwanza katika orodha ya waandishi. Watafiti hao walipita katika wilaya ya Seeb wakakuta mihogo yenye majani ya mabaka, yaliyojikunja na kudumaa. Kila aliyelima Unguja au Pemba angeitambua ishara hiyo mara moja: batobato. Walipokipima kirusi kilichokuwamo, wakakuta ni kirusi cha batobato ya Afrika Mashariki cha aina ya Zanzibar, ambacho hadi siku hiyo kilikuwa kinajulikana Zanzibar na Kenya tu.

Kimefikaje Seeb? Watafiti wale waliifuata historia. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, aliyahamishia makao yake Zanzibar katika karne ya 19. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 Waomani wengi walirudi, na baada ya 1970 wakaja wengi zaidi. Hitimisho lao ni kwamba waliorudi hawakutaka kuishi bila ya muhogo wao, wakaja na vijiti vya kupanda, na ndani ya vijiti hivyo kirusi kilikuwa kimeshatangulia.

Basi katika habari hii zipo safari mbili. Ya kwanza ni ya jani hadi jani na shamba hadi shamba, nayo ni kazi ya mdudu. Ya pili ni ya kuvuka bahari, na hiyo ni kazi yetu sisi. Tukizichanganya, tutapiga dawa pasipohitaji dawa, na tutaacha wazi mlango uliokuwa ufungwe.

Kwa nini kirusi kinahitaji mdudu

Kirusi cha batobato ni kitu kidogo mno. Umbo lake ni vidonge viwili vilivyoungana, na urefu wake ni kiasi cha nanomita 30, yaani ungepanga virusi zaidi ya elfu thelathini ili kujaza milimita moja. Ndani yake mna pete za DNA zenye herufi kama 2,700 hadi 2,800 kila moja, na zinahitajika pete mbili ili ugonjwa ukamilike. Kwa maandishi machache hayo hakiwezi kujiendesha. Hakina chakula wala hakina mashine ya kujinakili. Lazima kiingie ndani ya seli ya mmea na kuitumia mashine ya mwenyewe.

Hapo ndipo penye taabu. Seli ya mnyama imezungukwa na utando laini, lakini seli ya mmea ina ukuta mgumu, na juu ya ngozi ya jani kuna nta. Mmea haupigi chafya wala haushikani mkono na jirani yake. Ili kirusi kiingie, lazima ukuta utobolewe, tena utobolewe kwa ustadi: seli ikipasuka ikafa, kirusi nacho kimekosa pa kuishi. Mdudu anayetafuna, kama panzi, huharibu sana lakini kwa kazi hii si hodari. Anayefaa ni mwenye mrija mwembamba wa kufyonza, aingie na kutoka huku seli ingali hai. Vidukari wanafaa. Nzige wadogo wa majani wanafaa. Na kwa muhogo, anayefaa ni nzi mweupe.

Nzi mweupe kwa karibu

Ukitaka kumwona, nenda shambani alfajiri kabla jua halijapanda, wakati bado mzito wa baridi. Shika kikonyo cha jani changa katika yale matano ya juu, uligeuze pole pole. Atakuwa upande wa chini. Urefu wake ni kama milimita moja, mwili una rangi ya manjano iliyopauka, na mbawa nne zimepakwa unga mweupe wa nta. Shuka chini kidogo kwenye majani yaliyokomaa, utaona magamba madogo bapa yasiyotikisika. Hayo ni matoto yake, yanayofyonza hapo hapo yalipotua mpaka yaote mbawa. Yakiwa mengi, jani la chini yake linanata kwa maji matamu wanayoyatoa, na juu ya utamu huo huota ukungu mweusi kama masizi. Katika joto, tangu yai hadi mdudu kamili ni kama wiki tatu.

Nzi mweupe, ingawa anaitwa nzi, kwa nasaba ni jamaa wa vidukari. Mrija wake hupenya baina ya seli na seli, ukijipinda huku na huku, mpaka uifikie mishipa ya ndani inayopitisha sukari. Akiwa kwenye muhogo mgonjwa, hufyonza kirusi pamoja na utomvu. Vipimo vya maabara vinaonyesha kwamba anahitaji kunyonya kiasi cha saa tatu na nusu ili akichukue, kisha zipite saa nane hivi kabla hajawa na uwezo wa kuambukiza, na baada ya hapo dakika kumi kwenye mmea mzima zinatosha. Kirusi hubaki naye kwa siku tisa hivi.

Hizo saa nane za katikati ndizo zenye siri. Kwa nini asiambukize papo hapo? Kwa sababu kirusi hakikai kwenye ncha ya mrija. Kinashuka tumboni, kinapenya ukuta wa utumbo, kinaingia katika damu ya mdudu, kisha kinapanda hadi kwenye tezi za mate. Anaponyonya tena hutema mate kwanza, na humo ndimo kirusi kinamotoka.

Tunalijua jambo hili, kwa sehemu, kutokana na kazi iliyofanyika kwetu. Katika miaka ya 1930, kwenye kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara, Tanganyika, H. H. Storey alikuwa akichunguza ugonjwa wa milia ya mahindi, unaoenezwa na mdudu arukaye wa majani aitwaye Cicadulina mbila. Aligundua kwamba katika jamii hiyo hiyo wako wanaoweza kuambukiza na wako wasioweza kabisa, na kwamba uwezo huo hurithiwa. Akawachukua wale wasioweza, akawatoboa utumbo kwa sindano nyembamba. Wakaanza kuambukiza. Maana yake ni kwamba kizuizi kilikuwa katika ukuta wa utumbo: mdudu mmoja mlango wake unakikubali kirusi, mwingine unakikataa.

Si virusi vyote vinavyochukua njia hiyo ndefu. Vingi vinavyobebwa na vidukari hushika kwenye ncha ya mrija tu. Kidukari huonja seli kwa nukta chache, akaonja mmea wa pili, na kazi imekwisha. Virusi vya michirizi ya kahawia, ugonjwa mwingine mkubwa wa muhogo wa pwani, navyo hubebwa na nzi mweupe, lakini havikai naye muda mrefu kama cha batobato. Tofauti hii ina faida kwa mkulima. Dawa ya kuua wadudu inaweza kumwahi mdudu anayehitaji saa kadhaa. Haimuwahi anayemaliza shughuli kwa nukta chache. Tena nzi mweupe hujenga usugu dhidi ya dawa upesi, maana kizazi chake ni cha wiki tatu tu.

Mmea haukukaa bure

Tusidhani mmea umekaa ukisubiri kuliwa. Kinga ya kwanza ni ya mwili: nta, vinyweleo, utomvu unaonata. Baadhi ya jamaa wa porini wa nyanya wana vinyweleo vinavyotoa sukari ya kunata, na nzi mweupe akitua hunasa au huondoka. Nyanya zetu za sokoni zilipoteza sehemu kubwa ya silaha hiyo huku watu wakichagua utamu na ukubwa.

Kinga ya pili ni ya kemia. Jani likitobolewa, mmea hutengeneza viashiria vya hatari, vikuu vikiwa asidi ya jasmoniki kwa ajili ya watafunaji na asidi ya salisiliki kwa ajili ya vimelea. Viashiria hivyo huamsha harufu na sumu za kumfukuza mdudu. Nzi mweupe ni mjanja hapa: namna anavyonyonya huamsha zaidi njia ya salisiliki, na njia hiyo ikipanda, ya jasmoniki, ambayo ndiyo ingemuumiza yeye, hushuka.

Kinga ya tatu ndiyo ya ajabu zaidi, na ilieleweka vizuri katika miaka ya mwisho ya karne ya 20. Kirusi kinapojinakili hutoa maandishi ya RNA, na mara nyingi RNA hiyo hujikunja ikawa nyuzi mbili pamoja. Seli ya mmea inajua kwamba nyuzi mbili za namna hiyo si zake. Ina kimeng'enya kinachozikata vipande vya herufi 21 hadi 24. Mwaka 1999 Andrew Hamilton na David Baulcombe, Uingereza, walivionyesha vipande hivyo vidogo katika mimea. Mmea hauvitupi. Huvitumia kama fundi cherehani anavyokwenda dukani na kipande cha kitambaa, akifananisha mpaka alipate jora lenyewe: kila RNA inayolingana na kipande hukamatwa na kukatwa. Vipande hivyo husafiri pia kutoka seli hadi seli na kupitia mishipa ya sukari, vikaifikia sehemu ya mmea ambayo kirusi bado hakijafika, nacho kikija kikaikuta imejiandaa.

Katika muhogo jambo hili linaonekana kwa macho. Mmea hutoa majani matatu manne yenye mabaka mabaya, kisha majani yanayofuata yakatoka mazuri. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mihogo inayopata nafuu namna hii hujaa vipande vile vya RNA. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba joto likipandishwa kutoka nyuzi 25 hadi 30, vipande huongezeka na ugonjwa hufifia. Kwa wakaazi wa Muscat habari hiyo ina pande mbili. Kiangazi chetu huusaidia muhogo kupigana. Lakini pia kinaficha ugonjwa: jani linatoka safi na kirusi bado kimo ndani ya shina.

Kirusi nacho kinajibu

Virusi vya batobato vina protini zinazozuia ule ukataji wa RNA. Virusi vingine vya jamii hiyo, vikiwamo vinavyokunja majani ya nyanya hapa Oman, vimepatikana vikifuatana na kipande kidogo cha DNA kinachoitwa betasatelaiti. Uchunguzi uliofanywa kwa virusi vya namna hiyo umeonyesha kwamba kipande hiki huzima njia ya jasmoniki. Mmea mgonjwa hushindwa kutoa harufu ya kumfukuza nzi mweupe, na nzi mweupe huongezeka juu yake. Kirusi kinakuwa kimemwandalia mbebaji wake karamu kwa mali ya mmea.

Hatari kubwa zaidi ni pale virusi viwili vinapokutana ndani ya seli moja. Wakati wa kujinakili hubadilishana vipande vya DNA, na kikatokea kirusi kipya. Hicho cha Zanzibar, kilipoelezwa mara ya kwanza mwaka 2004, kilionekana nacho ni mchanganyiko wa namna hiyo, kwa bahati njema chenye ugonjwa mpole. Uganda haikupata bahati hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, upande wa Luwero, palizuka batobato kali ambayo wakulima hawakuwahi kuiona. Kirusi chake kilikuwa mchanganyiko wa kile cha Afrika Mashariki na kile kingine cha Afrika, na kilipoingia pamoja na hicho cha pili katika mmea mmoja vilitiana nguvu. Nzi weupe nao walikuwa wengi kupita kiasi. Ugonjwa ulisonga mbele kiasi cha kilomita 20 hadi 30 kwa mwaka. Wilaya nyingi ziliacha kulima muhogo, na mapema miaka ya 1990 njaa ikaingia sehemu za Teso.

Kilichoiokoa Uganda, na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, ni mbegu zenye kinga. Kazi hiyo pia ilianzia Amani, ambako Storey na wenzake waliuzalisha muhogo na jamaa yake wa mpira, Manihot glaziovii, ili kupata nguvu yake. Baadaye kinga nyingine, yenye nguvu zaidi, ilipatikana katika mihogo ya wakulima wa Afrika Magharibi. Mwaka 2022 ikajulikana kinga hiyo inakaa wapi: ni mabadiliko madogo katika protini ambayo muhogo huitumia kunakili DNA yake mwenyewe. Kumbukeni tulisema kirusi hakina mashine ya kunakili. Mihogo hiyo imebadilisha kidogo mashine yake. Kwa mmea bado inafanya kazi, kwa kirusi haifai tena.

Jani la chini linasema

Sasa turudi Muscat. Una mihogo yako nyuma ya nyumba, imeota mabaka. Nani kaleta, nzi au wewe? Muhogo wenyewe unajibu, nami naomba hili mlishike.

Subiri mmea uwe na wiki sita hivi, kisha uangalie majani ya kwanza kabisa, yale ya chini. Kama na yenyewe yana mabaka, kirusi kilikuwamo ndani ya kijiti siku uliyokipanda, na mbebaji ni mkono. Kama ya chini ni safi na mabaka yameanza juu, kijiti kilikuwa kizima na aliyeleta ni nzi mweupe. Wakaguzi wa mashamba Afrika Mashariki hutumia kipimo hicho hicho kujua ugonjwa wa eneo unatoka wapi.

Linganisheni sasa zile safari mbili. Ugonjwa wa Uganda, pamoja na ukali wake wote, ulikwenda kilomita 20 au 30 kwa mwaka. Kutoka Unguja hadi Muscat ni karibu kilomita 4,000. Hata pasingekuwa na bahari, kwa mwendo ule ingepita zaidi ya karne. Kijiti kilichofungwa katika gazeti na kutiwa katika begi kinafika kwa ndege siku hiyo hiyo. Pale kwenye mzunguko wa barabara hapa Bustan pamewekwa jahazi Sohar, lililokwenda Canton mwaka 1980 na 1981 kufuata njia ya mabaharia wa kale. Mabaharia hao na wenzao walipeleka na kuleta miche na mbegu, na kila mche ulikuja na wageni wake. Hata muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini. Kirusi cha batobato ndicho Mwafrika, kilihama kutoka kwenye mimea ya Afrika kikamwingia mgeni.

Wakulima wa pwani ya Batinah, hapa Oman, wanalijua somo hili kwa ndimu. Tangu miaka ya 1970 ugonjwa unaofanya matawi yafungamane kama fagio umeua midimu kwa wingi. Chanzo chake si kirusi, ni kijidudu cha jamii ya bakteria kiitwacho fitoplazima, lakini mwendo wake ni ule ule: mdudu mfyonzaji huupeleka ugonjwa kwenye mti wa jirani, na miche huupeleka kwenye mji wa mbali.

Kwa hiyo nawaombeni mambo matatu.

La kwanza, anayetaka kupanda muhogo achukue vijiti kutoka kwenye mmea alioutazama tangu majani ya chini, tena autazame majira ya baridi, wakati ugonjwa haujifichi. Mmea wenye mabaka ung'olewe mapema na uchomwe, usiachwe kwa huruma hadi uvunwe.

La pili, msipande muhogo ubavuni mwa nyanya, pilipili na papai. Mimea hiyo hapa Oman ina virusi vyake vya jamii hiyo hiyo, na nzi mweupe hula kote. Tusiviandalie virusi mahali pa kukutania.

La tatu ndilo zito. Msije na vijiti katika mabegi kutoka Unguja, Pemba, Mombasa wala Dar es Salaam, hata vikiwa vizuri namna gani kwa macho. Michirizi ya kahawia mara nyingi haionekani kwenye jani. Unaijua unapokata muhogo ukaukuta umeoza ndani, una madoa ya rangi ya kutu. Ugonjwa huo uko pwani yote, na kwa ajili yake Zanzibar ilitoa mwaka 2007 mbegu zinazoustahimili, zikiwamo Kizimbani, Mahonda, Machui na Kama. Anayezitaka mbegu hizo aombe kibali Wizara ya Kilimo, Uvuvi na Rasilimali za Maji, na aagize miche iliyooteshwa ndani ya chupa za maabara na kupimwa. Ndivyo nchi za Afrika Mashariki zinavyopeana muhogo kwa kupitia karantini ya Muguga, Kenya. Njia hiyo ni ndefu na ina karatasi nyingi, lakini ndiyo inayoleta muhogo peke yake.

Mmea unajikinga kwa nta, kwa harufu, kwa kukata RNA, hata kwa kubadilisha mashine yake ya ndani. Zote hizo ni kinga dhidi ya mdudu na kirusi. Dhidi ya begi la msafiri hauna kinga yoyote, na hapo ndipo zamu yetu inapoanzia.